Ujumbe Unaorudi

Siku hizi kila neno linalosemwa nyumbani hurekodiwa na kupanda kwenye foleni ya wingu, ghala la mtandaoni, na Sikudhani ndiye anayezisikiliza na kuzipokea sauti za mtaa wao. Akibonyeza "Nimepokea", sauti hufutika, ukabaki mstari mmoja kwenye kumbukumbu. Asipobonyeza, ujumbe hurudi baada ya dakika kumi.

Tangu amzike mama yake, kuna ujumbe mmoja wa sauti ya marehemu ambao hajaubonyezea: "Siku, mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama," hujibu kila unaporudi.

Leo Machano, mwenzake wa zamu, alimsogelea. "Dada, umeziba foleni. Nyuma yake upo mwingine wa mama, wa saa moja baadaye, ndio wa mwisho."

"Anasemaje?"

"Hausikiki mpaka uupokee huu wa kwanza. Kwenye skrini naona jina lako tu, mara tatu."

Sikudhani aliondoa kidole kwenye kitufe.

"Ngoja kwanza aniulize kama nimekula."