Mahudhurio Kamili

Wanyama walipochoka kupunjana sokoni, walifungua chuo cha biashara, wakamfanya Korongo kuwa mkuu wake. Korongo alijivunia jambo moja: aliwajua wanafunzi wake kwa sauti. Kila asubuhi alikuwa akifumba macho na kuita majina.

"Nguchiro?"

"Nipo, Mkuu."

"Kanga?"

"Nipo, Mkuu."

Nyuma kabisa alikaa Chatu, msikivu kuliko wote. Korongo alipofundisha kwamba biashara ndogo zikiungana hupata nguvu, Chatu peke yake ndiye aliyeuliza, "Zikishaungana, Mkuu, kila moja hubaki na jina lake?"

"Hubaki nalo," alijibu Korongo, akafurahi kupata mwanafunzi anayefikiri.

Muhula uliposonga, sauti za darasani zilizidi kuwa nzito, na zote zikawa zinatoka nyuma. Korongo alijiambia moyoni kwamba elimu inawakomaza vijana.

Siku ya mahafali aliita majina, na kila mmoja akaitika. Alipofumbua macho aliona madawati matupu, na Chatu amejaa chumba kizima.

"Wenzako wako wapi, mwanangu?"

"Tumeungana, Mkuu. Hakuna aliyekosa hata kipindi kimoja." Chatu alisema kwa adabu, bila kejeli. "Ila kampuni yetu haina mkurugenzi."

Asubuhi iliyofuata Chatu alifumba macho, akaita majina. La mwisho lilikuwa la Korongo.

"Nipo," ilijibu sauti kutoka ndani, kabla haijajiuliza ni wapi.