Hodi Saba

Kila nyumba ilipewa sauti yake ya wiki. Sauti hiyo ikiisha kabla ya wiki, mikanda ya shingoni ilibana makoo ya wote waliomo hadi Jumatatu.

Sikudhani aliishi na bibi yake kipofu, wawili tu. Alipotakiwa kuwasilisha mada ya fizikia darasani, Bibi alinyamaza siku nne ili amwekee akiba ya sauti. "Chagua jambo litakalowaamsha, mjukuu wangu," alisema kabla ya kufunga mdomo. Sikudhani akachagua mwangwi.

Ijumaa aliwapeleka wenzake kwenye tangi tupu la shule, akaeleza, kisha akaingiza kichwa na kupaza sauti: "Hodi!" Tangi likamrudishia hodi saba. Darasa zima likapiga makofi, isipokuwa Mwalimu Mbwilo.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mkanda huhesabu hata mwangwi."

Sikudhani alitaka kujibu. Koo likagoma.

Nyumbani alisukuma mlango bila hodi, ukalia. Bibi, aliyekuwa akitwanga jikoni, aligeuka. Yeye aliwajua watu kwa hodi zao. Asiyepiga hodi alikuwa mwizi. Midomo yake ilicheza kuuliza ni nani, sauti isitoke. Sikudhani alimkimbilia amshike mkono.

Bibi alisikia nyayo zikimjia, akainua mchi.