Kilomita Sita za Mzee Mwambire

Kioo cha dashibodi ya gari kilisema chaji iliyobaki ni ya kilomita sitini na nne. Malindi ilikuwa kilomita sabini. Dena akakitazama tena, akazima feni, akazima redio, akaliingiza gari matopeni.

Kando yake mkewe Linet alilala kwenye kiti kilichoshushwa, uchungu umemshika tangu alfajiri, na damu ilikuwa ikimtoka. Mkunga wa Chakama aliitazama mara moja tu akasema waende hospitali sasa hivi. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika. Hii ndiyo iliyofika miezi tisa, na Dena alijua ikipotea hii, huenda na mwenyewe Linet akaenda nayo.

Kiti cha nyuma alikaa mama yake Dena, Bi Zipporah, na mashine yake ya oksijeni. Mapafu yalikwisha kumchoka. Nyumbani hapakuwa na wa kumwachia, wala stima. Siku tatu za mvua mashine ilikuwa ikila chaji ya gari kupitia ile soketi ya watalii ya kuchajia kamera, na hata sasa waya wake ulikuwa humo. Maana gari lenyewe ni la kambi ya watalii anakoendesha, la umeme, la kuvukia mito na kupandia mawe, na wageni hulisifu kwamba halishtui tembo. Chakula chake ni jua. Haya, jua lenyewe siku hizo liko wapi? Dizeli ungeomba kwa watu hata chupa moja. Umeme porini utamwomba nani?

Na kulikuwa na jambo jingine lililomkaa Dena moyoni. Baba yake, Mzee Mwambire, alikuwa na miaka mitatu kaburini, na mwanawe huyu wa pekee hajamsimamishia koma, kile kigingi cha mti anachopewa mzee wa Kigiriama ili roho yake itulie. Kila mwaka Dena alisema kazi nyingi, mwakani. Mimba zote mbili ziliharibika baada ya mazishi hayo, na majirani hawakukosa la kusema. Mama alisema mzee humjia ndotoni, hagombi, hasemi neno, anakaa tu kitandani. Dena angependa zaidi kama angegomba.

Njiani maji yalikuwa yamefunika daraja, wakazunguka porini. Walipotokea Langobaya, Malindi ilibaki kilomita arobaini na tatu na chaji ilikuwa ya thelathini na saba. Zile sita zilikuwa pale pale. Mvua ilipiga turubai la juu mpaka ikabidi mtu apaze sauti.

"Hatufiki," Dena akasema, na machozi yakamtoka bila haya.

Mama akauliza zimepungua ngapi. Akaambiwa sita. Akauliza ni nini kinachoila chaji hiyo, na Dena akamtajia matope, vilima, uzito wa watu. Mama akageukia dirisha. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kumwita mtoto aje kula:

"Baba yako yule pale, kasimama na shuka lake. Anakuja nyuma kutusukuma. Endesha, mwanangu, wala usigeuke. Ukimtazama ataacha."

Dena aliona mvua na vichaka tu. Lakini nywele zilimsimama, na shingo akaikaza mbele. Linet, ambaye siku nyingine angekemea maneno hayo kwa jina la Yesu, safari hii alimshika mkono mumewe akaubana.

Na lo, kile kioo kikaanza kuwa na huruma. Njia ilikuwa mbaya vile vile, matope yale yale, lakini chaji haikukimbia tena kama mwanzo. Zile sita zikawa nne. Walipofika Kakuyuni zikawa mbili. Dena akahisi kama kuna pumzi kisogoni pake. Aliogopa kwelikweli, na bado akaanza kuongea na baba yake kwa sauti, akamwomba radhi, akamwahidi koma kabla ya mwezi kwisha, na pombe ya mnazi ya kumwagia kaburini.

"Amekusikia," mama akasema nyuma, kwa sauti ndogo sana. Baada ya hapo hakusema tena. Dena akafikiri amelala, akashukuru kwamba walau mmoja anapumzika.

Geti la hospitali walilipita kioo kikionyesha sifuri. Gari lilijiburura mpaka mlangoni, likazimika. Wauguzi wakamtoa Linet, na mtoto hakungoja hata wodi. Alizaliwa pale pale kwenye machela, wa kiume, akalia kwa nguvu. Muuguzi mmoja akasema wangechelewa dakika kumi pangekuwa na matanga mawili. Linet alikuwa akitundikiwa damu, macho yamefunguka.

Dena akatoka mbio kwenda kwa mama. Kwanza akapita nyuma ya gari, akapiga magoti kwenye maji, akatafuta alama za viganja kwenye mlango wa nyuma. Tope lilikuwa limeganda laini, halijaguswa na mtu. Hakujali. Akamshukuru baba yake hivyo hivyo, kisha akafungua mlango wa pembeni, akicheka na kulia, awahi kumtania mama jinsi bibi anavyotaniwa akipata mjukuu wa kiume.

"Mama, mume wako amekuja."

Bi Zipporah hakujibu. Mashine ilikuwa baridi, swichi imezimwa, na waya wake, uliochomolewa na kukunjwa vizuri, ulikuwa mapajani chini ya viganja vyake viwili.