Mstari Mwembamba

Damu ya Ngusa ilipoanza kutambaa kwenye kile kipimo cheupe, alisahau kidogo kifua kilichombana tangu alfajiri. Alikiinamia kipimo kama anavyoinamia karai lake la kuoshea dhahabu.

"Kinatafuta nini, mwanangu?" akamuuliza dada wa maabara.

"Moyo ukiumia, baba, kuna kitu unamwaga kwenye damu. Kama kipo, mstari wa pili utajitokeza."

Ngusa alipenda hilo. Miaka thelathini kwenye machimbo ya Katoro amepima mawe hivyohivyo: unasaga, unaosha, unainamisha karai, kisha unatazama kama kuna uzi wa njano. Uzi ukiwa mnene, unaendelea kuchimba. Ukiwa mwembamba, unamwaga mchanga na kuhamia duara jingine la kuchimbia.

Mstari wa kwanza ulikuja upesi, mwekundu. Wa pili ulichelewa, kisha ukajichora taratibu, hafifu kama unywele.

"Hamna kitu hapo," alisema Ngusa, akiifuata jozi ya mabuti ya mpira aliyoivua mlangoni. "Kwa mwembamba huo, kwetu watu wanahama."

Alikwishavaa buti moja alipoinamia la pili. Dada akaliwahi, akaliweka juu ya kabati.

"Hapa, baba, hata mwembamba tunaufuata."

Ngusa alikirudia kipimo, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akatazama muda mrefu.

Kisha akaketi, akalivua na lile buti la kwanza.