Zulia la Mbwa Mwitu

"Kwa hiyo, mama, umeukwangua mwamba mzima?" Hidaya alifoka pale uwanjani, wageni wakianza kukaa vitini.

"Punguza sauti. Ni kuvumwani tu, uoto wa mawe. Hebu ona sanamu ilivyopendeza!"

Kweli ilipendeza. Mbwa mwitu wa saruji alisimama juu ya zulia la kijani la kuvumwani hiyo, laini kama manyoya. Mbwa wenyewe walikwisha zamani, na leo mji ulikuwa unamkumbuka wa mwisho wao. Bi Jokha, mama yake Hidaya, ndiye aliyekabidhiwa mapambo.

"Hii haioti popote ila pale chemchemini, mama. Na pale palibaki kidogo tu."

"Usilinganishe majani na mnyama. Huyu alikuwa na macho, alikuwa na watoto."

"Na waliomuua walisema hivyo hivyo: ni mbwa tu."

"Leo Bi Jokha kapatikana!" akacheka fundi aliyeijenga sanamu.

Bi Jokha aliliinamia zulia. Asubuhi alikuwa amekwangua kwa kisu huku akiimba. Uso ulimwaka kwa aibu.

Hakungoja. Mbele ya wageni wote alilibandua zulia kipande kipande, akakifunga kila kimoja ndani ya mtandio wake.

"Bi Jokha, una wazimu?" mwenyekiti aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Endeleeni tu. Mbwa wenu hana haraka."

Huko chemchemini aliyabandika mabaki yale kwenye mwamba mtupu, akayakandamiza kwa viganja vyote viwili. Maji yalimchuruzika hadi viwikoni, naye akaogopa kuachia.