Mtihani wa Mama na Binti

Sheria ilikuwa wazi: mzazi anayemfundisha mwanawe nyumbani lazima naye aufanye mtihani uleule. Mghoi hakutishika. Aliuchagua mtaala mgumu kuliko yote, ili bintiye Wakesho aingie chuo cha udaktari.

“Mama, tuchukue ule mwepesi,” Wakesho alimsihi.

“Mtaka cha mvunguni sharti ainame,” Mghoi alijibu, naye akaiinamia fizikia mpaka ugali ukaungua.

Matokeo yalipofika, chuo, ambacho hutoa nafasi moja tu kwa kila nyumba, kilimchukua aliyeongoza. Aliyeongoza alikuwa Mghoi.

“Utawaambia hutaki, sivyo?” Wakesho aliuliza.

“Bila shaka, mwanangu,” alisema Mghoi. Akaisoma barua mara ya tatu, kisha akauliza kama lile sanduku kubwa bado linafunga vizuri.