Nyundo Kwenye Televisheni

Hidaya alikaa benchi la nyuma la banda la video. Mbele, karibu na televisheni, mumewe Kombo alishika maikrofoni, amewapa watazamaji mgongo, akiwasemea waigizaji wa kigeni kwa Kiswahili: mume kwa sauti nzito, mke kwa sauti nyembamba. Mji mzima ulimpenda kwa kazi hiyo. Nyumbani alikuwa hasemi kitu.

Leo ilikuwa filamu ya kutisha. Mwanamke alisikia nyayo ndani ya kuta, na mumewe akamwona kichaa.

“Nakusemesha hunijibu,” Kombo alisema kwa sauti nyembamba. “Nimekuwa kama kabati humu ndani.”

Watu wakacheka. Maneno hayo aliyasema Hidaya mwenyewe asubuhi, na Kombo akafunga kamba za viatu akatoka kama hakusikia. Kumbe aliyasikia yote.

Kwenye televisheni, mume alichukua nyundo, akaanza kuupigilia misumari mlango wa chumba alimokuwa mkewe.

“Nisamehe, mke wangu,” Kombo akasema kwa sauti nzito.

“Acha uongo, Kombo!” mtu akapiga kelele. “Jamaa anamfungia mkewe, we unasema nisamehe?”

“Nisamehe,” Kombo akarudia, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Hidaya alisimama, akashika pazia la mlangoni, akangoja ageuke japo mara moja. Kombo hakugeuka. Aliikumbatia maikrofoni kwa mikono miwili, na mbele yake nyundo iliendelea kugonga.